Sumu ya anemoni inapasua chembe za mbuzi, lakini liposomu za lesitini hazivuji. Kwa nini?

Mwanafunzi_Ibanda (Bukavu)

Wakubwa zangu, jambo. Kazi yangu ya mwisho inahusu ekwinatoksini II, sumu ya anemoni wa bahari Actinia equina. Natumia protini safi iliyotengenezwa ndani ya E. coli, si dondoo la mnyama mwenyewe. Chembe nyekundu za damu ya mbuzi zinapasuka ndani ya dakika chache, kwa nanomola tu. Liposomu (vipovu vidogo vya lipidi, yaani mafuta ya utando) za lesitini ya yai, zenye kipenyo cha nm 100 na kalseini (rangi inayong'aa ikivuja nje) ndani, hazivuji hata sumu ikiongezwa mara mia. Lakini lesitini na sfingomielini, lipidi nyingine ya utando wa chembe, zina kichwa kilekile, fosfokolini! Je, niandike kwamba kipokezi cha sumu ni protini fulani iliyo juu ya chembe?

Kuna mambo mengine mawili. Nikiweka sfingomielini, kichujio cha ekstruda (kifaa cha kusukumia lipidi ili zipate ukubwa mmoja) kinaziba. Na chembe nilizozitibu kwa kimeng'enya cha sfingomielinezi, kinachovunja sfingomielini, ili ziwe kipimo linganishi, zinapasuka zenyewe kwenye barafu kabla sijatia sumu. Naomba mwanga.

Yaya_Lipidi (Lubumbashi)

Mdogo wangu, usiandike habari ya kipokezi cha protini. Tengeneza liposomu za DOPC (lesitini ya aina moja safi) na sfingomielini, nusu kwa nusu, bila protini yoyote: zitavuja. Hiyo peke yake inatosha kuikanusha.

Kichwa ni kimoja kweli, na sumu ina mfuko wa kukipokea. Muundo wa stikolisini II, ndugu wa karibu wa sumu yako kutoka kwa Stichodactyla helianthus, ulichapishwa mwaka 2003 ukiwa na fosfokolini ndani ya mfuko huo. Ila mfuko huo hauelezi uteuzi. Tofauti iko chini ya kichwa, mahali kichwa kinapoungana na mikia. Hapo sfingomielini ina kundi la hidroksili kwenye kaboni ya 3 na kundi la amidi lenye NH. Yote mawili yanaweza kutoa hidrojeni na kufunga kiungo cha hidrojeni. Lesitini ina esta tu mahali hapo, na esta hupokea, haitoi. Asidi amino za pete za sumu zinazama hadi tabaka hilohilo. Kwa ekwinatoksini II, triptofani 112 na tairosini 113 ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya kutambua sfingomielini.

Baada ya kushika, kipande cha mwanzo wa protini, karibu asidi amino 30, kinajibandua kutoka kwenye mwili wake na kulala juu ya utando. Protini zinakusanyika, kisha vipande hivyo, vikiwa helisi (vimejisokota), vinapenya na kufungua tundu. Muundo wa tundu la fragaseatoksini C, ndugu mwingine wa sumu yako, wa mwaka 2015, unaonyesha protini 8 kwenye duara, na lipidi zimekaa katikati ya protini moja na nyingine, sehemu ya ukuta wenyewe wa tundu. Hilo ndilo ningelipa nafasi kubwa katika kazi yako: sfingomielini inashikwa na sumu, halafu inakuwa kiungo cha kile ambacho sumu inajenga.

Sasa angalia mbuzi wako. Kwa wanyama wanaocheua, karibu nusu ya fosfolipidi za chembe nyekundu ni sfingomielini, na lesitini karibu haipo. Liposomu ulizochagua ni kinyume kabisa cha utando uliotaka kuuiga.

Tena, usilinganishe kasi za majaribio haya mawili moja kwa moja. Tundu lina kipenyo cha nm 2 hivi. Kalseini, yenye uzito wa dalton 622, inapita. Himoglobini, yenye dalton 64,000, haipiti. Chembe inapasuka kwa sababu ioni na maji vinaingia mpaka inavimba kupita kiasi. Ndiyo maana kuna kuchelewa kabla ya mchanganyiko wa damu kuwa angavu. Ukitaka kuthibitisha, ongeza PEG 4000 (molekuli kubwa isiyopita tunduni) ya mM 30 kwenye bafa: chembe zitakingwa, ingawa matundu yapo. Sukrosi ya kiasi hichohicho haitazikinga, maana nayo inapita tunduni.

Labo_Virunga (Goma)

Yaya amemaliza upande wa kemia, mimi niongeze upande wa mikono.

Kichujio kinaziba kwa sababu unasukuma lipidi ikiwa baridi. Sfingomielini ya yai inalainika kwenye 39°C hivi. Chini ya hapo ni ngumu. Bloku ya ekstruda, sirinji na bafa, vyote viwe 60°C tangu mwanzo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiendelee kusukuma. Weka maji ya moto kwenye termosi kabla ya kuanza, uyatumie kulinda joto la bloku.

Kwa ml 1 chukua mikromola 1 ya kila lipidi: DOPC mg 0.79, sfingomielini mg 0.70, kolesteroli mg 0.39. Yeyusha kwa kloroformu na methanoli, 2 kwa 1, kwa sababu sfingomielini haiyeyuki vizuri kwenye kloroformu tupu iliyo baridi. Tumia chupa ya kioo. Kloroformu inatoa uchafu kwenye plastiki. Kausha kwa nitrojeni, kisha vakyumu saa 2. Mimina kalseini ya mM 60 iliyorekebishwa kwa NaOH hadi pH 7.4, acha dakika 30 kwenye 60°C ukitikisa. Gandisha na kuyeyusha mara 5. Pitisha kwenye kichujio cha nm 100 mara 21. Hesabu iwe witiri, ili umalizie kwenye sirinji ya upande wa pili, ambako hakuna mabaki ambayo hayajapita.

Ondoa kalseini ya nje kwa safu ya Sephadex G-50, inayotenganisha vitu kwa ukubwa. Bafa ya safu iwe na osmolariti sawa na ya ndani, la sivyo liposomu zitavuja bila sumu. Tumia Tris au HEPES, si fosfeti, maana baada ya safu unatakiwa kupima fosforasi ili ujue lipidi iliyobaki. Usikisie kutoka kwenye mizani. Nyingine imebaki kichujioni na kwenye safu.

Pima mwanga: amsha kwa nm 490, soma nm 520. Asilimia ya kuvuja ni (Ft − F0) ÷ (Fm − F0) × 100: F0 ni mwanga kabla ya sumu, Ft ni mwanga baada ya sumu, na Fm, mwanga wa juu kabisa, inatoka kwa Triton X-100 (sabuni ya kuyeyusha utando) ya 0.1%. Hapa wengi wanaanguka: Triton baridi haiyeyushi vizuri utando wenye sfingomielini na kolesteroli. Fm inakuwa ndogo, na asilimia zako zinapanda kwa uongo. Pasha sampuli, iache ipoe hadi joto la kipimo, kisha soma.

Sumu tia mwisho. Ina pI (pH ambayo chaji yake ni sifuri) ya juu ya 9, yaani ina chaji chanya kwenye bafa, kwa hiyo inanata kwenye kioo. Myeyusho wa nanomola ukiulaza kwenye furigo, asubuhi utakuta sumu iko ukutani mwa chupa.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Kuhusu barafu, mwanangu: kama sfingomielinezi yako ni ya Staphylococcus aureus, hiyo ndiyo tabia yake inayojulikana. Inageuza sfingomielini kuwa keramidi. Kwenye 37°C chembe zinabaki nzima, ukizipoza zinapasuka. Basi fanya kila kitu kwenye 37°C, pamoja na kuosha. Usitumie sentrifuji yenye ubaridi. Kimeng'enya kinahitaji magnesiamu, kwa hiyo damu ya tyubu ya EDTA, dawa inayoshika magnesiamu, ioshwe mara 3 kwanza, la sivyo hakitafanya kazi.

Mimi ningechagua njia nyepesi zaidi. Changanya sumu na liposomu tupu, zisizo na kalseini, za DOPC na sfingomielini kwa dakika 10, halafu tia chembe. Fanya vilevile kwa liposomu za lesitini. Za kwanza zitameza sumu, damu haitapasuka. Za pili hazitazuia. Bernheimer na Avigad walionyesha mwaka 1976 kwamba sfingomielini inazuia sumu ya Stichodactyla, wakati huo ikiitwa Stoichactis.

Chembe za mbuzi ni ndogo na dhaifu kwa osmosi. Chumvi isipungue 0.9%. Anza na mchanganyiko wenye usomaji wa 0.5 kwenye nm 600 na ufuatilie unavyoshuka. Maji ya juu yakiwa mekundu kabla ya sumu, damu hiyo imeshachoka.

Mwanafunzi_Ibanda (Bukavu)

Asanti sana, Mwalimu, na wakubwa wote. Swali moja tu: kolesteroli ni ya lazima?

Yaya_Lipidi (Lubumbashi)

Si ya lazima, lakini inasaidia sana. Sumu haihitaji kuishika kolesteroli. Kazi ya kolesteroli ni kubadilisha mpangilio wa utando: kupunguza ugumu wa sfingomielini, na kwenye mchanganyiko wa lipidi tatu kutengeneza maeneo tofauti yenye mipaka. Jaribu DOPC na sfingomielini 1:1, kisha 1:1:1 na kolesteroli, na DOPC na kolesteroli 1:1 kama kipimo linganishi. Hiyo ya mwisho inaweza kuvuja kidogo kwa dozi kubwa, kwa hiyo chora mkunjo mzima kuanzia nM 1 hadi 1,000, usitegemee nukta moja. Na joto la kipimo liandike kwenye kila mchoro, maana sfingomielini ya 25°C na ya 45°C ni kama lipidi mbili tofauti.