Tupeane uzoefu: mtoto wako alizaliwa na baka gani, na liliishia wapi?

Mama Naufal, Ujiji
Wapendwa, habari za jioni. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya binti aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumbani. Mwanangu wa kwanza alizaliwa na baka la samawati iliyofifia, kuanzia kiunoni hadi makalio yote mawili, na jingine kama sarafu begani. Miezi mitatu baadaye mama mkwe alikuja kutoka Kasulu. Akamwogesha mtoto uani, akamgeuza kifudifudi juu ya kiganja, akanyamaza. Maji yakawa yanachuruzika tu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu nani anampiga?"

Nikamwambia mtoto kazaliwa nalo. Akaona namkingia kifua binti. Kwenye kadi ya kliniki hakukuwa na neno hata moja la kunitetea. Kesho yake alfajiri binti alifunga mzigo wake akarudi kwao Uvinza, macho yamevimba kwa kulia.

Kliniki ndiko nilikoelezwa. Mtoto akiwa tumboni, chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi husafiri kuelekea tabaka la juu la ngozi. Nyingine hubaki tabaka la chini, na rangi yake ikionekana kupitia ngozi inakuwa samawati. Kwa watoto wetu Waafrika ni jambo la kawaida sana, haliumi wala si ugonjwa. Jeraha la kipigo huuma ukiligusa, na ndani ya siku chache hubadilika rangi, likaelekea kijani na manjano. Hili linabaki vilevile wiki hadi wiki. Sasa ana miaka 6. La kiunoni limekwisha, la begani bado lipo kwa mbali. Muuguzi alisema yaliyo nje ya mgongo na makalio huchelewa kufutika.

Baba Kulwa na Doto, Gungu
Kwetu ilikuwa Doto peke yake. Alizaliwa safi kabisa. Wiki ya pili kikatokea kidoa chekundu juu ya kope, tukadhani mbu. Mwezi wa tatu kilikuwa kimevimba kama nyanya ndogo iliyoiva, jicho linafunguka nusu. Majirani walitutuliza kwamba hupotea yenyewe, na kwa kweli mengi hupotea: hukua haraka miezi ya mwanzo, yakasimama, yakaanza kunywea taratibu kwa miaka. La jicho ni habari nyingine. Mtoto mchanga akizibwa jicho, ubongo haujifunzi kulitumia, na uoni unaweza kupotea hata uvimbe ukiisha.

Tulipewa rufaa kwenda Mwanza. Dawa ni propranololo, dawa ya moyo na presha ya siku nyingi. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, ndio walioandika mwaka 2008 kwamba inanyweza uvimbe huu wa mishipa ya damu. Tuliagizwa tumpe akiwa ameshanyonya, na siku akigoma kunyonya au akitapika tusimpe kabisa, kwani sukari mwilini inaweza kushuka. Ndani ya wiki mbili kope ilianza kuinuka. Nilipoteza wiki nyingi nikisikiliza watu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mama Shukuru, Kibirizi
Wangu alizaliwa na vipele laini vyeupe shingoni, vikapasuka vikaacha vidoa vyeusi. Muuguzi alimkagua akasema si maambukizi. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na hata kimoja. Ila msikariri: mtoto wa vipele akichemka mwili au akiacha kunyonya, kimbieni hospitali.

Mkunga mstaafu, Tabora mjini
Wanangu, hesabuni madoa. Doa moja la rangi ya chai ya maziwa si kitu. Yakifika sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, mpelekeni daktari. Baka jekundu au la zambarau lililo bapa kwenye paji la uso na kope, la tangu kuzaliwa, halipotei. Mtoto apimwe presha ya jicho, na familia iwe macho na degedege. Kinundu au kishungi cha nywele katikati ya kiuno nacho kionwe, maana chini yake kuna uti wa mgongo. Na nawasihi, msichanje chale wala msisugue na majivu. Nimepokea vidonda vilivyooza kwa ajili ya hayo.

Mwana wa Mwanga
Mimi baka ninalo mwenyewe, shavu zima la kushoto, na nina miaka 34. Mama aliambiwa kwamba, akiwa na mimba yangu, alijishika uso usiku mwezi ulipopatwa. Alikuwa akinipaka poda kabla hatujatoka nyumbani, kila siku, hadi nilipomaliza darasa la saba. Amefariki akiamini ni mkono wake. Laiti angeusoma uzi huu.

Mama Naufal, Ujiji
Mwana wa Mwanga, nimekusoma mara mbili. Pole sana, ndugu yangu.

Wa pili wangu ana wiki tano sasa, na baka lake ni lilelile la kaka yake. Safari hii sikutoka wodini kabla muuguzi hajaandika kwenye kadi: "Baka la samawati, kiuno na makalio, la kuzaliwa." Nimeipiga picha kadi hiyo nikamtumia yule binti pamoja na maneno ya kumwomba radhi. Ameshaiona. Hajajibu bado.