Je, ubingwa wa mwaka 2000 ni wa Anyang au ni wa FC Seoul?

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Ndugu wapenzi wa soka, salamu kutoka Kisumu. Nilianza kuifuatilia FC Seoul ya Korea Kusini mwaka 2024, Jesse Lingard alipojiunga nayo, kwa sababu hapa Kondele wengi wetu tulimfahamu tangu siku zake za Manchester United. Kadiri ninavyoisoma historia ya klabu hiyo ndivyo ninavyozidi kutatizika. Orodha ya mataji yake inataja ubingwa wa ligi mara sita: 1985, 1990, 2000, 2010, 2012 na 2016. Nikiitafuta timu iliyotwaa kombe mwaka 2000, naikuta ikiitwa Anyang LG Cheetahs, na Anyang ni mji mwingine, ulio kusini mwa Seoul. Tena kuna klabu iitwayo FC Anyang ambayo siku hizi hukutana na FC Seoul katika ligi ile ile, lakini taji hilo halimo katika orodha yake.

Ninaomba anayeifahamu historia hii anieleze ilikuwaje, na pia aniambie kwa maoni yake taji hilo ni la nani. Siulizi kwa udadisi mtupu. Nilikulia katika mji wa kiwanda cha sukari, na timu ya kiwanda ndiyo iliyokuwa furaha yetu ya wikendi. Kiwanda kilipoyumba timu nayo ikafa, na hadi leo sijui vikombe vilivyokuwa ofisini viliishia wapi.

Mwalimu wa Lanet, Nakuru

Ndugu wa Kondele, ili kulielewa jambo hili ni lazima tuanze na mwenye timu, kwa maana mji ulikuja baadaye. Klabu hiyo ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1983 na kampuni ya Lucky-Goldstar, ambayo baadaye ilifupisha jina lake na kuitwa LG, ndiyo hiyo hiyo ya televisheni na friji tulizo nazo majumbani. Ligi ya kulipwa ya Korea ilikuwa imemaliza msimu mmoja tu, na klabu nyingi zilikuwa za makampuni: POSCO ya chuma, Yukong ya mafuta, Daewoo ya viwanda vya kila aina. Mechi zilizungushwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo Lucky-Goldstar walipotwaa ubingwa mwaka 1985, katika msimu wao wa pili, hapakuwa na mji ambao ungeweza kuliita kombe hilo lake kwa namna tunayoielewa sisi.

Mwaka 1990 klabu ilihamia Seoul, ikawa inautumia uwanja wa Dongdaemun pamoja na Yukong na Ilhwa, na mwaka huo huo ikawa bingwa. Kisha mwaka 1996 wasimamizi wa ligi, waliotaka soka ienee nchini wakati Korea ikiwania kuandaa Kombe la Dunia la 2002, waliziondoa klabu zote tatu katika jiji kuu. Ilhwa wakaenda Cheonan, Yukong wakaenda Bucheon, na LG wakaenda Anyang.

Walikaa Anyang kwa miaka minane, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo miaka iliyoigeuza timu ya kampuni kuwa timu ya watu. Mashabiki waliunda kundi lao, wakaliita RED. Uhasama ukazuka kati yao na mji jirani wa Suwon, wenye timu ya Samsung, na pambano hilo likaitwa kwa jina la Jijidae, kilima kilicho kwenye barabara inayoiunganisha miji hiyo miwili. Moto wenyewe uliwashwa mwaka 1999, Seo Jung-won, aliyekuwa mchezaji wa LG kabla ya kwenda Strasbourg nchini Ufaransa, aliporudi Korea akatia saini Suwon. Mashabiki wa Anyang walichoma jezi yake. Anayeijua Debi ya Mashemeji, ya Gor Mahia na AFC Leopards, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2000 timu hiyo ikatwaa ubingwa, Choi Yong-soo akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na kikosini alikuwamo kijana Lee Young-pyo, ambaye wengi wenu mtamkumbuka kwa miaka yake Tottenham. Mwaka 2002 Anyang walifika hadi fainali ya klabu bingwa za Asia, wakaenda Tehran na kumkuta huko nani ila Suwon, jirani yao wa ng'ambo ya kilima, aliyewashinda kwa mikwaju ya penalti.

Baada ya Kombe la Dunia, jiji la Seoul lilibaki na uwanja mpya wa watazamaji zaidi ya 60,000 usio na klabu. Tarehe 2 Februari 2004 LG walitangaza kwamba wanahamia huko. Wachezaji, kocha, leseni na kumbukumbu zote zikaenda, na Anyang wakaachiwa uwanja wao mtupu. Hivyo ndivyo taji la 2000 lilivyoingia katika orodha unayoisoma.

Mama Wawili, Bungoma

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini naona ameiegemea Anyang, na ni haki upande wa pili nao usikike. Watu wa FC Seoul hawakubali kabisa kwamba walihama. Wao husema walirudi nyumbani, kwa sababu walikuwa Seoul tangu 1990, na mwaka 1996 hawakuondoka kwa hiari yao bali kwa uamuzi wa ligi. Kwa hesabu yao Anyang palikuwa mahali pa kupita. Klabu haikuvunjwa hata siku moja tangu 1983. Ilibadilisha jina, makao na hata mmiliki, kwani kampuni ya LG ilipogawanyika, timu ilibaki upande wa GS, kampuni iliyotokana na mgawanyiko huo. Choi Yong-soo huyo huyo aliyewapa Anyang ubingwa uwanjani ndiye aliyekuwa kocha wa FC Seoul walipotwaa ubingwa wa 2012. Ukilikata taji la 2000 na kuwapa FC Anyang, utakuwa umeipa zawadi klabu ambayo wakati huo haikuwapo.

Hapa kwetu tunaijua hali ya kubadilika na kubaki. Abaluhya ya mwaka 1964 ndiyo AFC Leopards ya leo, na hakuna anayesema mataji ya zamani si yao kwa sababu jina lilibadilishwa.

Mwalimu wa Lanet, Nakuru

Mama, nakubali kwamba kisheria taji ni la FC Seoul. Lakini mfano wako wa Leopards unanisaidia mimi zaidi kuliko wewe, kwa sababu jina lilipobadilika watu walibaki wale wale. Nyimbo ni zile zile, na baba aliyempeleka mwanawe uwanjani alimpeleka kuitazama timu ile ile aliyopelekwa na baba yake. Anyang ilikuwa kinyume chake, kwani klabu iliendelea na waliokuwa wakiiimbia wakaachwa. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka 2006. Tuseme kampuni ingeihamishia timu hiyo Nairobi mwaka uliofuata na kuipa jina jipya, je, tungewaambia watu wa Awendo kwamba ubingwa ule haukuwa wao?

Bucheon walitendewa vivyo hivyo. Yukong, iliyokuwa imebadilishwa jina na kuitwa Bucheon SK, ilihamishiwa kisiwa cha Jeju mwanzoni mwa 2006. Mashabiki hawakusubiri mfadhili. Mwaka 2007 waliunda klabu yao wenyewe, wakaiita Bucheon FC 1995, na mwaka huo waliouweka katika jina ni ule ambao kundi lao la mashabiki lilianza. Naona walijibu swali lako hapo, ndugu wa Kondele: hawakudai taji la Yukong la 1989, walidai mwaka wao wenyewe. Wakaanza katika ligi ya ridhaa, wakapanda, na mwaka 2020, Jeju walipokuwa wameshushwa daraja, timu hizo mbili zikakutana uso kwa uso.

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Nawashukuru nyote wawili. Sikuwa nimewaza kwamba swali langu lina pande mbili zenye uzito namna hii. Mwalimu, umetueleza Bucheon walivyojiundia klabu, lakini FC Anyang nayo ilizaliwaje, na walipokutana na Seoul ilikuwaje?

Mwalimu wa Lanet, Nakuru

Anyang ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mashabiki walitaka jiji lenyewe liimiliki klabu, na jambo kama hilo hupita katika baraza na bajeti kabla ya kufika uwanjani. FC Anyang ilizinduliwa tarehe 2 Februari 2013, siku ile ile ya mwaka ambayo LG walitangaza kuondoka, miaka tisa kabla. Iliwekwa daraja la pili, ikakaa huko misimu kumi na miwili. Mwaka 2017 kura ya Kombe la Shirikisho iliwapeleka kwenye uwanja wa Seoul, wakafungwa mabao 2-0, na mashabiki wao wakawasha fataki nyekundu jukwaani.

Mwaka 2024, chini ya kocha Yoo Byung-hoon, walitwaa ubingwa wa daraja la pili na kupanda. Tarehe 22 Februari 2025 walikwenda Seoul mbele ya watazamaji zaidi ya 40,000, wakapoteza 2-1, na Lingard wako akawa mmoja wa wafungaji. Mechi ya Anyang mwezi Mei ilikwisha sare ya 1-1. Kisha tarehe 31 Agosti walirudi Seoul, wakafunga mapema, wakasawazishiwa kwa bao la kujifunga, na zikiwa zimebaki dakika kumi na chache Mota, Mbrazili wao, akafunga la pili. Huo ndio ushindi wao wa kwanza dhidi ya FC Seoul.

Jambo dogo ambalo nusura nilisahau: jezi za FC Anyang ni za zambarau, rangi ya zabibu zilizoupa mji huo sifa zamani, wala si nyekundu ya LG. Hata hivyo kundi la mashabiki ni lile lile lililoachwa mwaka 2004, na limekataa kubadilisha jina. Bado linaitwa RED.