Chakra sita au saba? Na hizi rangi za upinde wa mvua zimetoka wapi?

Mkunazi_Ngamiani:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wanaoijua falsafa ya Kihindu kwa undani, si kwa kusikia.

Maelezo ya chakra, vile vituo vya nishati ambavyo yoga huviweka mwilini, hayapatani. Andiko moja linasema ni sita, jingine saba. Moja linasema Muladhara, ile ya chini kabisa, ni nyekundu, jingine linasema ni ya manjano. Halafu hapa Tanga kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu: unapimwa kwa timazi, kisha unafunguliwa chakra zote kwa kikao cha saa moja, shilingi 60,000.

Naomba kujua: ni sita au saba, na rangi ipi ni ya kweli? Mtu akitaka kufanya zoezi mwenyewe nyumbani aanzie wapi? Na huko kupimwa na kufunguliwa kuna msingi wowote? Mjadala wa halali na haramu una uzi wake, tusiuhamishie hapa.

Mzee_wa_Maandiko:

Mkuu, hayo maandiko yote yanaweza kuwa sahihi, kila moja ndani ya mfumo wake. Yanagombana kwa sababu watu wameyapika chungu kimoja.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake gurudumu. Lina jamaa zake humu kwetu: Waajemi wana *charkh* ya mzizi huohuo, na kwa njia hiyo Kiswahili kikapata cherehe ya kunolea visu na cherehani ya fundi nguo.

Mfumo unaosambaa leo umetokana na Purnananda wa Bengali, mwandishi wa tantra (mafunzo ya siri ya Kihindu na Kibuddha), mwaka 1577. Andiko lake linaitwa *Shat-chakra-nirupana*, na *shat* ni sita. Limejulikana nje ya India baada ya John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta, kulitafsiri na kulichapa mwaka 1919 kwa jina la bandia Arthur Avalon. Sita hizo zimepangwa ndani ya Sushumna, njia ya katikati ya uti wa mgongo: Muladhara kwenye msamba, Svadhishthana kinenani, Manipura kitovuni, Anahata moyoni, Vishuddha kooni, Ajna katikati ya nyusi. Sahasrara, yungiyungi la petali elfu utosini, halikuhesabiwa kwa sababu ndiko safari inakoishia, si kituo cha njiani. Anayelihesabu anapata saba. Basi, ugomvi umekwisha. Tantra za Kibuddha kama Hevajra zina nne tu: kitovu, moyo, koo na kichwa.

Mbona idadi inabadilika, ilhali figo za watu wote ni mbili? Kwa sababu mwanafunzi wa tantra hakuambiwa "zitafute chakra zako". Aliambiwa aziweke. Mwalimu humpa ramani, naye huijenga kwa fikra juu ya mwili wake, herufi kwa herufi, kwa kugusa kiungo na kutamka. Tendo hilo huitwa *nyasa*. Kila chakra huchorwa kama yungiyungi; hesabu petali za Purnananda: 4, 6, 10, 12, 16, 2. Jumla 50, sawasawa na herufi 50 za Kisanskriti, kila petali na herufi yake. Mwili mzima umegeuzwa ubao wa alfabeti. Karne ya 19 Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj, harakati ya marekebisho ya dini ya Kihindu, alisimulia kwamba aliopoa maiti mtoni, akaipasua kutafuta chakra, asizione, akavitupa vitabu majini. Alikuwa anatafuta kwa kisu kitu kilichochorwa kwa fikra.

Sasa rangi. Itazame Muladhara kwa karibu kama Purnananda alivyoichora. Petali nne ni nyekundu. Ndani yake kuna mraba wa manjano, alama ya ardhi. Ndani ya mraba kuna silabi LAM, imebebwa na tembo. Kwa hiyo aliyesema nyekundu ameangalia petali, aliyesema manjano ameangalia mraba. Ukipanda juu ndiyo utashangaa: Svadhishthana ina mwezi mwandamo mweupe wa maji, Manipura ina petali nyeusi kama wingu la mvua na pembetatu nyekundu ya moto, Anahata, ambayo leo kila bango linaipaka kijani, ina petali nyekundu na nyota ya pembe sita yenye rangi ya moshi, ndiyo hewa, Vishuddha ina petali za zambarau ya moshi na duara jeupe la mwezi mpevu, Ajna ni nyeupe. Petali za kijani hazipo popote.

Mpangilio wa upinde wa mvua ni wa Magharibi, karne ya 20. Charles Leadbeater wa Theosofia, harakati ya kiroho ya Magharibi, alitoa kitabu chake mwaka 1927 akabadilisha hata vituo, akaweka bandama mahali pa Svadhishthana. Nyekundu hadi zambarau kwa mpangilio kamili ilishika mizizi miaka ya 1970. Si dhambi kuitumia, ila usiiite "siri ya miaka elfu tano".

La mwisho, hili la "kuziba". Katika *Hatha Yoga Pradipika*, kitabu cha yoga cha karne ya 15, taka huwa kwenye nadi, njia za pumzi zinazohesabiwa 72,000, si kwenye chakra. Na kuna mafundo matatu ya kupasuliwa: la Brahma, la Vishnu na la Rudra. Wala lengo si "kusawazisha" chakra zikae sawa kama magurudumu ya gari. Lengo ni kuyeyusha: ardhi inamezwa na maji, maji na moto, moto na hewa, hewa na anga, hadi mtu amalize dunia yote ndani yake. Hiyo ni kazi ya mtawa. Ukienda hekaluni kwa Wahindu wa mjini ukauliza chakra, usishangae wakikukaribisha kwenye puja (ibada ya sadaka) na bhajan (nyimbo za ibada). Ibada ya kila siku ni hiyo.

Pumzi_Taratibu:

Mzee amemaliza nadharia. Mimi nishike swali la pili.

Wakati: alfajiri hadi saa moja asubuhi, kabla joto la Tanga halijapanda. Tumbo tupu: subiri saa tatu baada ya chakula chepesi, na kama ni wali wa nazi hesabu nne. Usiku wa manane usifanye, utakosa usingizi.

Kukaa: mkeka peke yake hautoshi. Kunja kanga nene au weka mto chini ya makalio, nyonga ziwe juu kuliko magoti. Magoti yakiwa juu, kiuno kinapinda nyuma, pumzi inabanwa, na baada ya dakika kumi miguu inakufa ganzi. Kiti cha kawaida pia ni sawa, mgongo usiegemee.

Pumzi kwanza, silabi baadaye. Kunja kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia. Ziba pua ya kulia kwa gumba, vuta kushoto kwa hesabu ya 4. Ziba kushoto kwa kidole cha pete, toa kulia kwa 4. Vuta kulia 4, toa kushoto 4. Huo ni mzunguko mmoja; fanya 6 hadi 10. Kushoto ni nadi ya Ida, kulia ni nadi ya Pingala. Baada ya wiki mbili refusha kutoa tu, iwe 4 kwa 6, kisha 4 kwa 8. Kuzuia pumzi acha kabisa kama huna mwalimu. Maandiko yanataja 1 kwa 4 kwa 2 (kuvuta, kuzuia, kutoa), watu wanaikimbilia, na hapo ndipo madhara huanzia.

Kisha silabi: LAM, VAM, RAM, YAM, HAM, OM, kuanzia msamba kwenda juu. Kila moja mara 7, pumzi moja kwa kila tamko, fikra imetulia mahali pake. Yote ni kama dakika 10. Ukimaliza kaa kimya dakika 3 kabla ya kuinuka.

Sisi Waswahili tuna kosa letu hapa. Ulimi wetu unapenda neno liishie irabu, kwa hiyo mtu anasema "lamu" kama kisiwa, "ramu" kama pombe. Silabi imekufa. Hiyo M isimame yenyewe bila irabu, kama M ya "mtu" au "mbwa", midomo imefungwa, sauti inavuma puani. Ukiona haivumi, jaribu kumalizia na NG' ya "ng'ombe", wapo walimu wanaoifundisha hivyo. Na A yake ni fupi, usiipanue kama ya "baba". Wastani mzuri ni robo moja irabu, robo tatu mvumo. Weka kiganja kifuani: usiposikia mtetemo, unapiga kelele tu.

Yanayoharibika:

Ganzi ya midomo na vidole, kichwa chepesi. Wengi hushangilia "nishati inapanda". Umepumua kwa nguvu mno, hewa ya ukaa imepungua kwenye damu, mishipa ya ubongo imejibana. Acha zoezi, pumua kwa pua taratibu, itaondoka baada ya dakika chache.

Kichwa kuuma kwenye Ajna. Umekodoa macho juu ndani ya kope. Acha macho yatazame mbele, ni fikra tu inayokwenda kwenye nyusi.

Kukaza msamba muda wote ukiwa Muladhara. Baada ya siku chache mtu anapata choo kigumu na maumivu ya kiuno. Legeza.

Mjamzito, mwenye presha, kifafa, ngiri au mshono mpya wa tumbo asiguse Kapalabhati wala Bhastrika, zile pumzi za kupiga tumbo. Aliyewahi kuugua akili akaona au kusikia visivyokuwepo, asikae tafakuri ndefu peke yake.

Bi_Dawa_na_Dua:

Kuhusu tangazo. Timazi haipimi chakra, inapima mkono uliyoishika. Misuli hutikisika kidogo sana kufuata kile mtu anachotarajia, bila yeye kukusudia. Jaribio ni rahisi: mpimaji afungwe macho, mteja alale, msaidizi asogeze mkono wa mpimaji juu ya sehemu mbalimbali bila kumwambia ni wapi. Arudie mara tano. Majibu yakibadilika mahali palepale, umeshajua. Mpaka sasa hakuna chombo kilichowahi kuonyesha chakra mwilini, na kwa aliyoeleza Mzee hapo juu, hakuna sababu kionyeshe.

Wengi wanaouza "kufungua" wanachanganya na Reiki. Reiki ni ya Japani, ya Mikao Usui, mwaka 1922, na mwanzoni haikuwa na chakra saba. Ziliingizwa Magharibi. Kikao chake ni kuweka viganja taratibu, kama dakika 3 hadi 5 kila sehemu, mteja amevaa nguo zake. Kulala saa nzima mahali pa kimya na kuguswa kwa upole kunatuliza mapigo ya moyo, hilo halina ubishi. Lipia utulivu kama unautaka. Anayekuvua nguo, anayekudai kikao cha pili kwa vitisho, au anayekwambia acha dawa, ondoka.

Na hapa nina ukali kidogo. Mtu akiambiwa "Vishuddha yako imeziba" kumbe ana rovu, anachohitaji ni kipimo cha tezi ya shingo, nacho ni damu tu ya kuchukuliwa hospitali. "Manipura dhaifu" yenye kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda ni ya kupima sukari leo, si wiki ijayo. Vidonge vya presha na insulini haviachwi kwa sababu ya silabi.

Mkunazi_Ngamiani:

Nimewaelewa vizuri, Mzee, Bi Dawa, Pumzi. Swali dogo la kumalizia: wanaohudhuria dhikri wanasema chakra ni zilezile latifa, vituo vya kiroho vya masufi. Ni kweli?

Mzee_wa_Maandiko:

Zinafanana kwa nia, si kwa ramani. Latifa kwa twarika ya Naqshbandi, mkondo wa Mujaddidi, ziko tano kifuani: *qalb* vidole viwili chini ya titi la kushoto, *ruh* chini ya la kulia, *sirr* juu ya la kushoto, *khafi* juu ya la kulia, *akhfa* katikati. Hazimo kwenye uti wa mgongo, hazina petali, na kinachotajwa pale ni jina la Mwenyezi Mungu.

Ila masufi hawakuwa wageni wa yoga. Karne ya 16, Muhammad Ghawth wa Gwalior, sheikh wa twarika ya Shattari, aliandika kwa Kiajemi *Bahr al-Hayat*, tafsiri ya kitabu cha yoga, akaeleza mikao na pumzi kwa wasomaji Waislamu. Alijua anatafsiri na alisema anatafsiri. Fanya moja kwa wakati, kwa mwalimu wa njia hiyo.

Pumzi_Taratibu:

Nyongeza kwa Mkunazi: umeandika "Mulhadhara" kwenye ule uzi wako mwingine. Ni Mula-dhara, *mula* mzizi, *adhara* tegemeo. Na hiyo DH si ya "dhahabu", ulimi usitoke nje ya meno. Ni D yenye pumzi nyuma yake.