Mzee wa makazi akifika ukingoni, tumkimbize hospitali au tumwache kitandani kwake?

Mleta mada (Tabora)

Wadau mwangaluka, wa huku Unyamwezini na majirani zetu wa Kigoma. Naleta hili kwenu maana Jumamosi tulibishana tukitoka kuwaona wazee na tukashindwana kabisa, wengine walirudi nyumbani wamenuna. Swali lenyewe ni hili: mzee anaishi kwenye makazi ya wazee, hana mke wala mtoto anayejulikana, ugonjwa wake umefika pale ambapo madaktari wameshasema hakuna tena la kuponya. Zikifika zile siku zake za mwisho apakiwe kwenye gari apelekwe hospitali, au abaki kwenye kitanda chake alichokizoea miaka yote? Nusu yetu walisema kutompeleka ni kumuua, nusu wakasema kumpeleka ni kumtesa. Mimi nina upande wangu nitausema, nanyi mnipinge.

Kikundi chetu ni kina mama wa kanisani na wa msikitini mchanganyiko, tunachanga sabuni, sukari, unga, na tukijaliwa pampasi za watu wazima, tunapeleka kwenye makazi fulani huku magharibi. Sitayataja kwa sababu wahudumu wa pale ni watu wema waliozidiwa tu. Kulikuwa na babu mmoja tukimwita Babu wa Reli, alifanya kazi ya reli ujana wake wote, na ukikaa naye lazima akutajie stesheni kwa mpangilio kuelekea Kigoma, Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, anataja kama mtu anayesoma dua. Akapata saratani ya tezi dume, mpaka inagundulika ilishaingia kwenye mifupa ya mgongo. Wanaojua ugonjwa huo wanajua maumivu ya mfupa yalivyo, mtu hawezi kulala chali, hawezi kulala ubavu, hata shuka ikivutwa anapiga kelele. Mwishoni alikuwa anataja stesheni zake ili maumivu yapite, na kuna siku nilimshika mkono akaanza Usoke, Urambo, akanyamaza, jasho linamtiririka, hakufika Kaliua.

Mwezi wa mwisho alipelekwa hospitali mara tatu. Mara tatu nyuma ya gari, barabara yenye mashimo, mtu mwenye saratani kwenye uti wa mgongo. Kila mara sindano ya diklofenaki na panado za kwenda nazo, anarudishwa, siku mbili anaanza upya. Mara ya tatu hakurudi, alifia wodini usiku peke yake, sisi tumekuja kuambiwa Jumatatu. Mwenzake wa chumba, mzee asiyeona, mpaka leo anauliza swali moja tu: alielekezwa kibla? kuna mtu alimtamkisha shahada? Na mimi sina jibu la kumpa.

Kwa hiyo msimamo wangu: mzee aachwe afie kwake, tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu kwa mgonjwa asiyepona, imfuate hapo hapo alipo. Safari zile tatu hazikumpa hata usiku mmoja wa kulala.

Mchangiaji (Nzega)

Dada pole sana, ila samahani mimi naona mnaanzia katikati. Hivi huyo mzee hakuwa na ukoo? Sisi Wanyamwezi lini tulianza kuzeesha watu kwenye makambi? Tukianza kupeleka huko dawa na manesi na magodoro mazuri ndo tunawaambia watoto wapelekeni tu wazazi wenu, serikali itawazika vizuri. Mimi naona hela hiyo itumike kutafuta ndugu, na mtoto akipatikana amekimbia mzazi wake ashtakiwe. Mzazi alikubeba mgongoni, wewe unashindwa kumbeba wodini?

Mleta mada (Tabora)

Kaka nakuheshimu na hilo la watoto kukimbia wazazi linaniuma kama wewe, ila njoo siku moja uwaulize hawa wazee walifikaje pale. Kuna mabibi wamekimbia na roho zao kwa sababu ya macho mekundu. Maisha yao yote wamepikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi, moshi umewaharibu macho, halafu mtoto wa jirani akifa bibi anaitwa mchawi. Mikoa yetu hii, Tabora, Shinyanga, Mwanza, tunaijua hiyo habari, mabibi wamekatwa mapanga usiku na wa nyumbani wenyewe wakijua. Sasa huyo unamtafutia ndugu yupi? Wapo waliougua ukoma, baadhi ya makazi nchini yalianza kama makambi ya wakoma, wakapona lakini vidole havikurudi na nyumbani hawakupokelewa. Wapo waliovuka kutoka Burundi na Kongo kuja kulima tumbaku wakazeekea hapa bila ukoo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema familia na jamii ndio walezi wa kwanza na makazi ni kimbilio la mwisho, hilo nakubali kabisa. Lakini aliyefika kwenye kimbilio la mwisho ndo anyimwe dawa ya maumivu ili awe fundisho kwa watoto wa wengine?

Mchangiaji (Ujiji)

Assalam aleykum. Mimi nina shaka moja na naomba nijibiwe bila kugombezwa. Hiyo tiba shufaa nasikia dawa yake kubwa ni morfini. Hiyo si ndo ile ile jamii ya madawa ya kulevya? Na mgonjwa aliyechoka ukimpa si unamharakisha? Uhai anautoa Mola, naogopa tusije tukawa tunamsaidia malaika wa mauti kazi kwa jina la huruma.

Mchangiaji (nesi, Kigoma)

Waaleykum salaam. Nijibu mimi maana nimehudumia wagonjwa wa aina hii miaka mingi. Tiba shufaa haimuui mtu na haimcheleweshi mtu, inashughulika na maumivu, na pumzi kubana, na hofu, na mtu kukosa usingizi, na ndugu wanaolia. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa ngazi tatu kwa maumivu ya saratani: chini panado na jamii ya diklofenaki, katikati kodeini na wenzake, juu kabisa morfini. Babu wa Reli maumivu yake yalikuwa ngazi ya tatu akaachwa ngazi ya kwanza. Hilo halijatokea kwake tu, shirika hilo hilo linakadiria watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji huduma hii duniani na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu, wengi wa wanaokosa ni nchi kama zetu.

Morfini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji, dawa chungu tu ya maji. Mzee dhaifu anaanzishwa na kidogo sana, miligramu 2.5 kila baada ya saa nne, dozi ya kulalia inaweza kuwa kubwa kidogo asiamke usiku, halafu inapandishwa taratibu kadiri maumivu yanavyosema. Ukipanda taratibu hivyo pumzi haikatiki. Kinachosumbua kweli ni choo kuwa kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku hiyo hiyo, na kichefuchefu siku za mwanzo ambacho hupungua. Uteja kwa mgonjwa wa saratani anayepewa kwa kipimo ni nadra. Teja anatafuta kuondoka duniani, mgonjwa wangu akipata dozi yake anaomba uji na anauliza habari za wajukuu.

Na kuhusu dini, mimi ni Mkatoliki, mwaka 1957 Papa Pius XII aliulizwa swali hilo hilo na madaktari wa nusukaputi, akajibu kwamba kama hakuna njia nyingine inaruhusiwa kutuliza maumivu hata kama dawa ingeweza kupunguza siku, ikiwa nia ni kutuliza na si kuua. Upande wako nadhani masheikh watasema vizuri zaidi.

Mchangiaji (Ujiji)

Kwetu ipo kanuni kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa, na kwa kipimo cha dharura yenyewe. Nimeelewa. Ila mtu abaki na akili ya kutamka shahada, hilo kwangu ni kubwa kuliko yote.

Mchangiaji (nesi, Kigoma)

Sahihi, na mgonjwa mwenyewe ndo anatuambia hapa inatosha, nataka kubaki macho. Siku mbili za kwanza anasinzia sana, baadaye wengi wanachangamka. Mtu anayepiga mayowe ya mfupa ndo hawezi kusali.

Ila dada mleta mada, usifanye iwe rahisi. Morfini ni dawa inayodhibitiwa, tabibu lazima aandike, inakaa kwenye kabati la kufuli, kila mililita inaandikwa kwenye daftari, ikipotea unaitwa kujieleza. Makazi yenye mhudumu mmoja zamu ya usiku, hana mafunzo ya afya, nani atatoa dozi ya saa nane usiku? Uganda walilitatua kwa kuwafundisha manesi na matabibu maalumu na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu kuiandika wenyewe, bila kusubiri daktari. Hapa kwetu Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, inatengeneza ya maji na hospitali ya Selian Arusha walianza huduma ya kuwafuata watu majumbani zamani, lakini kutoka Kigoma mpaka Ocean Road ni kumaliza reli yote. Bila mtu wa kituo cha afya cha karibu kubeba jukumu, neno lako "afie kwake" litageuka kuwa "aachwe afe".

Mchangiaji (Kaliua)

Mimi niko upande wa hospitali na sijasikia mtu akijibu hoja yangu. Nani anajua kwamba huu ndo mwisho? Bibi yangu mwaka juzi alikuwa haongei, hali chakula, anaona watu waliokufa, wazee wa mtaa wakasema tayari huyo, muiteni mchungaji. Mjomba akakataa akamkodia bajaji mpaka kituo cha afya, kumbe ni malaria na mkojo mchafu. Leo hii analima bustani. Sasa huko makazini hakuna mjomba. Mkiweka utaratibu wa kuwaacha wafie vitandani, kila mzee anayezidiwa atasemwa ni uzee, na wahudumu waliochoka watafurahi kutokuita gari.

Mleta mada (Tabora)

Nimesoma hii mara tatu na nimekaa kimya tangu jana. Kaka wa Kaliua umenipiga penyewe. Mimi nilikuwa namfikiria Babu wa Reli peke yake, ambaye ugonjwa wake ulijulikana kwa jina, umepimwa, umeandikwa. Sikumfikiria bibi yako. Nikijiuliza kwa ukweli, pale makazini wapo waliokufa tukaambiwa ni uzee, na hakuna aliyewatoboa hata kidole kupima malaria. Hilo linanitisha sasa kuliko nilivyokuja.

Kwa hiyo nabadilisha nilichosema. Mzee akibadilika ghafla apimwe kwanza, malaria, sukari, mkojo, kifua, asiachwe kwa sababu ya umri wake, na matibabu ya bure kwa mzee asiye na uwezo ni haki yake iko kwenye sera. Anayeachwa kitandani kwake ni yule tu ambaye daktari ameshasema ugonjwa wake hauponi, na mwenyewe ameulizwa akiwa bado na kauli. Aulizwe mapema! Babu wa Reli alikuwa na miezi minne ya kuongea vizuri na hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwemo, tulikuwa tunampa sabuni na kusikiliza stesheni.

Na nesi, hilo la nani atatoa dozi usiku sina jibu zima. Nimeongea na tabibu mmoja wa kituo cha afya cha jirani, anasema yuko tayari kupita mara moja kwa wiki ila dawa za kufuli lazima wakubwa wake waidhinishe, na hilo ndo tutaanza kulifuatilia ofisi kwa ofisi. Vilivyobaki nimegundua havihitaji kibali cha mtu. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda vya kulala. Kulowanisha mdomo kwa pamba, na kutomlazimisha uji wakati mwili wenyewe umeshakataa chakula (hili kina mama wenzangu litawashinda, sisi kwetu kutokula ndo kufa). Kumlaza ubavu akianza kukoroma kwa makohozi. Na mwenzake wa chumba asitolewe nje, abaki, atamke anachotaka kutamka.

Mchangiaji (Nzega)

Bado nasema ndugu watafutwe. Lakini hilo la pamba na kugeuza nitakuja na mke wangu, tufundishwe.

Mleta mada (Tabora)

Karibuni sana, Jumamosi saa nne. Nesi katuandikia hatua za kumgeuza mtu bila kumkwaruza, tumezitoa kopi tatu.

Jumamosi iliyopita tulianza kuuliza. Tulianza na bibi mmoja ana saratani ya titi, imeshatoboka, anajua hali yake kuliko sisi. Tukakaa naye mlangoni, mfawidhi wa makazi akiwepo na daftari. Nilikuwa naogopa hata kufungua mdomo, akanisaidia mwenyewe, akasema ulizeni tu wanangu. Akasema kidonda kikinishinda msinibebe, niacheni hapa naona mwembe, mnipe dawa nilale. Kisha akashika mkono wa mfawidhi akaongeza, lakini ikiwa ni homa ya mbu nipelekeni mbio, maembe ya Novemba nataka kuyala.

Yote mawili yameandikwa, na ameweka dole gumba.