Jamii isiyo na matangazo ya biashara ingeendeshwaje?

Msomaji_Mtulivu
Wakuu, heshima kwenu. Tuseme sheria imepita: ni marufuku kulipia tangazo popote, iwe redioni, barabarani au kwenye simu. Mnunuzi atajuaje kilichopo sokoni? Na vyombo vya habari vitakula wapi? Naomba majibu ya kiutendaji.

Mzani
Mkuu, anza na mpaka. Tafsiri inayotekelezeka ni hii: tangazo ni ujumbe uliolipiwa ili umfikie mtu ambaye hakuutafuta. Kibao cha mlangoni pa duka kinabaki, ila lazima kipimwe, la sivyo ukuta mzima utageuka bango. São Paulo, Brazil, ilipoondoa mabango kuanzia 2007, iliweka vipimo: jengo ambalo upana wake wa mbele haufiki mita 10, kibao kisizidi mita za mraba 1.5, zaidi ya hapo hadi mita 100, mwisho mita za mraba 4. Afisa akiwa na futi ya kupimia kazi imekwisha. Ukiandika "kibao kisichokera", kila kesi itaishia kwa mawakili.

Mtandaoni ndiko kwenye kazi. "Malipo" yajumuishe bidhaa za bure, safari na kamisheni, na kosa liwe la anayelipa na anayelipwa.

Pima_Kwanza
Naongezea. Ukifuta matangazo bila kuziba pengo la taarifa, wanaonufaika ni wauzaji wakongwe wanaojulikana tayari. Mwaka 1972 mchumi Lee Benham alilinganisha bei za miwani katika majimbo ya Marekani: palipokatazwa kuitangaza, miwani ilikuwa ghali zaidi, kwa sababu mnunuzi hakuwa na njia rahisi ya kulinganisha.

Kwa hiyo linahitajika daftari la umma la bidhaa: bei kwa kilo au lita, viambato, muda wa dhamana, matokeo ya vipimo. Hatari yake iko kwenye mpangilio. Anayeamua nani akae juu ya orodha anashika bango jipya, na hongo itamfuata yeye. Mtafutaji achague mwenyewe kigezo. Asipochagua, orodha ichanganywe upya kila mara.

Wapimaji nao wanunue dukani kimyakimya, kama Stiftung Warentest, taasisi ya kupima bidhaa ya Ujerumani, inavyofanya. Sampuli ikitoka kiwandani, kiwanda kitachagua iliyo nzuri.

Msomaji_Mtulivu
Asanteni sana. Na magazeti je?

Hesabu_Wazi
Hapo ndipo panapouma. New York Sun ilianza 1833 kwa senti moja wakati magazeti mengine yakiuzwa senti sita. Matangazo ndiyo yaliyofidia tofauti. Ukiyaondoa, gharama inarudi kwa msomaji. Michango inaibeba Wikipedia, lakini waandishi wake wanajitolea; chumba cha habari kina mishahara kila mwezi. Ada ya umma, yaani wananchi wote wachangie vyombo vya habari, inafaa zaidi, kwa masharti mawili: kiwango kipangwe kwa miaka kadhaa mbele, na mgawanyo usiwe mikononi mwa waziri, maana atakata fedha za anayemkosoa.

Tena usipige marufuku kipande kipande. Marekani ilipoondoa matangazo ya sigara redioni na kwenye televisheni mwaka 1971, fedha zilihamia magazetini na kwenye mabango. Tangaza tarehe moja kwa njia zote, na uache muda wa kutosha mikataba iliyopo iishe, vinginevyo serikali itadaiwa fidia.