Askofu asiposema tena "ndiyo, alitokea", tuamini kwa kipimo gani?

Katibu wa Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Katika parokia yetu yupo mama anayesema ametokewa na Bikira Maria mara tatu kisimani, na jumuiya ndogondogo zimegawanyika. Wanaomwamini wanataja Kibeho, kule Rwanda, ambako Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitamka waziwazi, tarehe 29 Juni 2001, kwamba Mama Maria aliwatokea wasichana watatu kuanzia tarehe 28 Novemba 1981. Lakini tangu Mei 2024 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa limetoa kanuni mpya, na kwa kawaida askofu hatamki tena kwamba tukio limetoka kwa Mungu. Uamuzi wa juu kabisa anaoweza kuutoa ni *nihil obstat*, yaani hakuna kinachozuia watu kusali mahali pale. Hata Medjugorje kule Bosnia, ambako maono yalianza miezi mitano kabla ya Kibeho, haikupata zaidi ya hapo. Je, muumini aliyezoea kuambiwa ndiyo au hapana afanye nini na jibu la namna hii?

Mdadisi wa Ziwa
Milele amina. Kwa maoni yangu Kibeho isifanywe kipimo. Rwanda ilikwisha kushuhudia mauaji mwaka 1959 na tena 1963, hivyo mtoto aliyekulia katika hadithi hizo angeweza kuona mito ya damu, kama wenye maono wa Kibeho walivyosema, bila kuonyeshwa na mbingu. Hukumu ya askofu ilitoka miaka saba baada ya mauaji ya kimbari, wakati maono hayo ya damu ya tarehe 15 Agosti 1982 yalikwisha kusomwa na kila mtu kama unabii. Tena tusisahau kwamba mambo yale yalianza bwenini. Sisi wa Kagera tunazijua shule za wasichana: asubuhi ameanguka mmoja, jioni wameanguka ishirini. Pale Kashasha mwaka 1962 walicheka mpaka shule ikafungwa.

Binti Ngara
Nilisoma bweni miaka sita, sikuanguka hata siku moja, na nimechoka kusikia wanaume wakilitamka neno "bweni" kana kwamba ni jina la ugonjwa. Alphonsine Mumureke, wa kwanza kutokewa Kibeho, alikuwa na miaka 16. Waliotangulia kumkatalia hawakuwa mapadre wala madaktari, bali wasichana wenzake, ambao walimchoma kwa sindano na viberiti akiwa katika maono ili waone kama atashtuka. Marie Claire Mukangango, aliyekuwa mstari wa mbele kumkejeli, ndiye aliyekuja kutokewa baadaye. Hao ndio unaowaita wepesi wa kuanguka?

Mdadisi wa Ziwa
Dada, sikumtukana mtu, na kwa kweli umenisaidia: mkejeli kugeuka kuwa mwenye maono ndivyo hasa uambukizo wa hisia unavyokwenda. Hata wale wa Kashasha hawakuwa wameamua kucheka.

Mzee wa Hija
Nimekwenda Kibeho mara mbili kwa basi la parokia, nami nasema kijana huyu hajawahi kupiga magoti pale. Askofu Misago aliruhusu ibada ya hadhara mwaka 1988, miaka sita kabla ya damu kumwagika. Huo unabii uliotungwa baada ya tukio umetoka wapi?

Frateri Mstaafu
Mzee wangu, shikamoo, lakini mwaka 1988 jimbo la Gikongoro lilikuwa halijazaliwa, lilianzishwa 1992. Aliyeruhusu ibada ni Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare, ambaye pia aliunda tume ya madaktari mwezi Machi 1982 na tume ya wanateolojia miezi miwili baadaye. Nasahihisha si kwa kupenda majina, bali kwa sababu hapo ndipo lilipo jibu la Katibu. Kwa miaka 13 watu walisali Kibeho kwa ruhusa halali bila askofu yeyote kusema "alitokea", na imani yao haikupungukiwa kitu, kwa kuwa Katekisimu, namba 67, inafundisha kwamba ufunuo binafsi, kama maono ya namna hii, si sehemu ya amana ya imani, yaani yale ambayo kila muumini anapaswa kuyasadiki. Kinachopimwa ni kama mwenye maono ana akili timamu na ni mkweli, kama anayoyasema yanapatana na mafundisho, kama kuna fedha au sifa inayotafutwa, na kama watu wanatubu au wanagombana. "Ndiyo" ya haraka ina hatari yake: kwa maono ya Bikira Maria yaliyodaiwa kutokea Amsterdam, Uholanzi, askofu mahalia alitamka ndiyo mwaka 2002, kumbe Roma ilikwisha kuamua kinyume tangu 1974, na uamuzi huo ukatangazwa 2024.

Mzee wa Hija
Marahaba. Nimekubali kuhusu jimbo. Kuhusu kupiga magoti sijarudi nyuma.

Binti Ngara
Frateri ameeleza vizuri, ila ameruka lililoniuma. Bernadette wa Lourdes alikuwa na miaka 14, Lucia wa Fatima miaka 10, na kila mara swali la kwanza ni kama binti ni mgonjwa. Marie Claire aliuawa katika mauaji yaleyale ya 1994. Uambukizo wa hisia ulimwonyesha na hilo?

Mdadisi wa Ziwa
Kufa kwake kunanisikitisha kama kunavyokusikitisha, lakini waliouawa ni mamia ya maelfu, na wengi wao hawakuona maono yoyote. Kama tatizo ni jinsia, mbona kijana Segatashya wa hukohuko Kibeho, aliyesema anazungumza na Yesu, hayumo katika orodha ya askofu, ambayo ina wasichana watatu tu? Hapo nani amependelewa?

Binti Ngara
Sijasema wanaume huaminiwa bure. Juan Diego, aliyetokewa na Bikira Maria kule Meksiko, alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, na bado askofu alimtaka ishara. Ninachosema ni kwamba yeye aliulizwa ishara, sisi tunaulizwa afya. Na huyo mama wa kisimani, Katibu, ameulizwa nini?

Katibu wa Jumuiya
Aliitwa mbele ya halmashauri ya parokia. Mwenyekiti alimuuliza kama analala vizuri na kama mume wake anajua. Kisha aliombwa anyamaze mpaka jimbo litakapotoa maelekezo, naye akakubali bila ubishi.

Frateri Mstaafu
Utii huo uandikwe, maana ni miongoni mwa yanayotazamwa. Na Bikira Maria alimwambia nini?

Katibu wa Jumuiya
Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao kile, na nimezifungua sasa hivi. Hakuna aliyemuuliza.