Natafuta kwanza, nawaza baadaye: ni simu au ni mimi?

Mtafsiri:
Habari zenu ndugu. Wiki iliyopita rafiki yangu wa tangu utotoni alifiwa na mama yake. Nikakaa nimwandikie. Kabla sijawaza hata sentensi moja, kidole kilikuwa kimeshafungua simu na kuandika "maneno ya kumfariji mfiwa". Na mama yule namjua! Alinifundisha kushona kifungo cha shati nikiwa na miaka tisa. Akicheka, alifunika mdomo kwa kiganja. Yote hayo ninayo kichwani, nami naenda kuomba maneno kwa mtu nisiyemjua. Nilishtuka sana.

Tangu siku hiyo najichunguza. Neno likinipotea sisubiri lije, natafuta. Naomba kuuliza: teknolojia imebadilisha namna ninavyofikiri, au nimekuwa mvivu tu? Na kama imenibadilisha, kuna aliyewahi kurudi alikokuwa?

Dereva wa usiku:
Poleni na msiba. Mimi naishi kwa usukani, mwaka wa 14 sasa. Zamani njia nilikuwa nayo kichwani. Siku hizi simu ikizima, mtaa niliopita mara hamsini sijui nikate kulia au kushoto.

Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake walichapisha utafiti kuhusu madereva wa teksi wa London, ambao hukariri maelfu ya mitaa ndipo wapewe leseni. Walikuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalotusaidia kukumbuka mahali, ni kubwa kwao kuliko kwa watu wengine, na tofauti iliongezeka kadiri dereva alivyokaa kazini. Nilipolisoma hilo nikabadili utaratibu: ramani naitazama kabla sijawasha gari, kisha naifunga. Wiki mbili za mwanzo nilipotea vibaya. Sasa njia zinarudi, ila polepole.

Mwalimu:
Ndugu Mtafsiri, usijiite mvivu. Hofu hii ni ya kale: Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alihofia kwamba maandishi yatawafanya watu wasahau, na hofu hiyo tunaijua kwa sababu mwanafunzi wake Plato aliiandika. Mwaka 2011 watafiti Betsy Sparrow, Jenny Liu na Daniel Wegner waliwapa watu taarifa waziandike kwenye kompyuta. Walioamini zitahifadhiwa walizikumbuka kidogo kuliko walioamini zitafutwa. Ubongo ukijua kitu kina mtunzaji, unakiachia. Wegner alikuwa ameshaeleza zamani kwamba hata mke na mume hugawana kumbukumbu hivyo hivyo, huyu anajua hiki, yule anajua kile.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni ule ukurasa wa simu usioisha, unaoteleza chini bila kikomo. Mbunifu wa programu Aza Raskin aliubuni mwaka 2006, na baadaye akasema hadharani kwamba anajuta. Sura ya kitabu ina mwisho. Ukifika hapo unainua macho, na ndipo wazo lako mwenyewe hupata nafasi ya kuingia. Wanafunzi wangu hawainui macho. Naona hilo kila siku na linaniuma.

Mtafsiri:
Mwalimu, kwa namba na tarehe nakubali, acha simu izibebe. Lakini huzuni yangu sikuihifadhi popote. Hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa mimi.

Jana niliiacha simu chumba kingine, nikachukua kalamu. Dakika arobaini nzima nilikuwa na "Pole sana" peke yake kwenye karatasi. Mkono ulikuwa unatafuta simu mezani, kweli kabisa. Halafu kile kifungo kikaja, kikaja na kile kicheko. Barua ina mistari sita. Nimeipeleka.

Dereva wa usiku:
Amejibu?

Mtafsiri:
Alinipigia usiku. Akaniuliza kama nakumbuka lile shati lilikuwa rangi gani. Sikumbuki. Yeye anakumbuka.